Niliwaita wang'oe majani, wakang'oa na lipu

Naandika nikiwa bado na hasira, mtanisamehe. Kama una nyumba hapa Mwanza na yale majani ya kutambaa ukutani yameshakushinda, hawa jamaa wanaozunguka na kirikuu wakijiita watu wa usafi na bustani usiwape kazi. Afadhali uyaache yatambae yafike paani.

Ya kwangu yalishafika. Nyumba iko Isamilo, kule juu kwenye mawe, na ukuta wote unaotazama ziwa ulikuwa hauonekani. Yameingia chini ya bati, fisha bodi inaoza, mijusi inaingia chumbani bila hodi. Tukapatana bei, nikatoa advansi. Asubuhi ya kazi waliwahi, wana ngazi, wana glavu, nikasema hapa nimepata watu.

Bosi wao akasimama kivulini, simu sikioni, akaamuru vijana wavute. Wavute hivyo hivyo, mbichi! Mmoja wao, kijana mpole tu, akasema, "Bosi, si tungekata shina kwanza tuuache ukauke?" Akaambiwa apande ngazi aache porojo.

Na kijana alikuwa sahihi. Mmea ule unajishika kwa vimizizi vinavyotoa gundi, na ukiwa hai hauachii. Unakatwa chini, unaachwa wiki kadhaa mpaka majani yageuke kahawia, ndipo unabanduliwa taratibu. Vimizizi vinavyobaki unavilowesha na kuvisugua kwa brashi. Kisiki nacho kinachimbuliwa, la sivyo kinachipua upya.

Wakavuta. Kipande cha kwanza kikaanguka pale kibarazani miguuni pangu, kipana kama sinia. Nikakigeuza: upande mmoja mchanga na saruji, upande wa pili rangi yangu ya krimu, vimizizi vimeing'ang'ania, na utomvu mweupe unachuruzika kwenye vikonyo vilivyokatika. Nikamfuata bosi. "Samahani baba, ukuta wangu unaondoka."

Hata simu hakukata. "Mama, lipu yako ilishakufa siku nyingi. Sisi tumekusaidia kuiona."

Tumekusaidia kuiona! Mpaka leo nikiwa nachambua mboga hiyo kauli inanirudia, kisu nakiweka chini. Kijana ambaye ningeweza kumzaa, anakula hela yangu, ananibomolea, halafu nimshukuru.

Haya, niseme na la haki. Fundi aliyekuja baadaye kupiga lipu upya aligonga gonga, akaniambia upande wa dirisha la jikoni ilikuwa imeshaachana na tofali, ingedondoka yenyewe siku moja. Kwa hiyo pale sawa, siwalaumu sana. Na walifagia vizuri, takataka zote wakapakia, sikuokota hata jani. Kwa usafi wako vizuri, tena kuliko wengi niliowahi kuwaita. Nilikuwa karibu kusema labda wana siku zao mbaya kama watu wengine.

Ila wakati wa kumalizia malipo bosi akaongeza hela ya kubeba kifusi. Kifusi gani? Lipu yangu! Wameibomoa wao, halafu nilipie nauli yake. Nikakataa, akanuna, akasema sisi wenye nyumba za zamani tuna matatizo sana. Vijana wakainamisha vichwa, yule mpole akanipa shikamoo ya kuagia kama anayeomba radhi. Huyo akija siku moja na ngazi yake mwenyewe, kazi nampa bila kuuliza bei.

Hayo ya usafi niliyosema nayafuta. Kisiki hawakukigusa, na mvua hizi zilivyoanza kimeshatoa machipukizi, yameupanda ukuta mpya hata rangi haujapakwa. Nikampigia bosi. Akacheka, akasema anaweza kuwaleta vijana tena, na safari hii nitapewa bei ya mteja wa zamani.