Forester ya turbo na IST: miaka mitatu, daftari moja

Nyumbani kwetu Mbezi yanalala magari mawili. Moja ni Subaru Forester 2.0XT ya 2008 yenye turbo, yaani feni inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini, ile bodi ya SH5 yenye tundu la hewa juu ya boneti. Jingine ni Toyota IST ya 2004, cc 1,300, namba C, siku hizi ni la mke wangu. Yote nimeyaendesha vya kutosha, na kila lita ya mafuta na kila bushi naandika kwenye daftari, kwa hiyo ninayosema hapa si ya kijiweni.

Forester niliinunua kwa sababu ya mlima Kitonga. Sina haja ya kuficha. Kwetu ni Iringa, kama kilomita 500 kutoka Dar, na miaka mingi tulikwenda na IST. Mpaka Mikumi hakuna neno. Ukishapita Ruaha Mbuyuni, barabara ikaanza kupanda na kona kujikunja, ndipo unapojua farasi 87 ni wangapi: AC unazima, gia unashusha, injini inalia kama mashine ya kusaga, na mbele kuna lori la Tunduma linatambaa. Unapata kipande kilichonyooka, unakanyaga, hesabu inakataa, unarudi nyuma ya lori. Safari moja nilikuwa namrudisha mama kutoka kliniki. Akauliza, "Mwanangu, limechoka gari au umechoka wewe?"

Forester ya kwanza niliyoiona ilikuwa nzuri kuliko hii niliyonayo. Nyeusi, viti vya ngozi, dashibodi inasoma kilomita 84,000. Muuzaji wa yadi akaapa kwa kila kiapo anachokijua. Nikafungua boneti, nikakuta stika ya Kijapani, zile wanazobandika kule wakibadilisha taimingi belti, mkanda unaofanya valvu na pistoni ziende pamoja. Kijapani sijui, lakini tarakimu hazihitaji mkalimani: 103,000. Yaani gari lilifungwa belti likiwa na kilomita 103,000, leo limerudi utotoni lina 84,000. Nikamwonyesha. Akasema labda stika ni ya gari jingine. Nikaaga. Tangu siku hiyo mtu akiniomba nimsindikize kuangalia gari, naanza na stika, rangi baadaye.

Hii ya sasa niliipata kwa mtu aliyeiagiza mwenyewe, akaitumia miaka minne, na risiti za gereji anazo kwenye bahasha. Belti peke yake ndiyo haikuwa na kumbukumbu, kwa hiyo wiki ya kwanza nilibadilisha belti, roli zake na pampu ya maji kwa mkupuo, maana pampu nayo inazungushwa na belti hiyohiyo. Pamoja na ufundi ilinitoka karibu 800,000. Niliumia, lakini kwenye injini yake, EJ20, belti ikikatika valvu zinakutana na pistoni, na hapo mazungumzo yanakuwa ya injini nyingine. IST ina cheni. Sijawahi kuigusa.

Sasa raha yenyewe. Pistoni za Forester zimelala, mbili kulia mbili kushoto, kwa hiyo uzito wa injini unakaa chini, na ingawa gari ni refu kwenda juu, kwenye kona halikutupi pembeni. Ni farasi 230, lakini inayonifurahisha si namba hiyo. Kinachonifurahisha ni kwamba nguvu inafika mapema, kwenye mizunguko 2,000 tu. Pale Kitonga, nyuma ya lori, hukanyagi mpaka chini. Unagusa, gari linajikusanya, lori limeshabaki nyuma. Mara ya kwanza nilipanda mlima wote AC inapuliza, mama amesinzia. Nilifika Ilula natabasamu peke yangu kama mwehu.

Ila niwe mkweli na jambo ambalo wapenzi wenzangu wa turbo hawapendi kulisema. Kutoka Dar hadi Iringa vijiji vimefuatana, kila kijiji mwisho ni kilomita 50 kwa saa, na askari wa tochi hawana likizo. Elfu thelathini kwa kosa. Mikumi nako unapita hifadhini taratibu, twiga wanavuka. Nikizihesabu kwa haki, katika kilomita zile 500 nilizoendesha kwa raha ya kweli labda ni 80. Zilizobaki hata IST ingezimaliza, na dereva angefika na kiuno kilekile.

Na 80 hizo nilikuwa nazilipia kila siku ya kazi. Hapo ndipo daftari lilinisuta. Mbezi hadi Posta kwenda na kurudi ni kama kilomita 50, nyingi za foleni. Forester ilikuwa inanipa kilomita sita na nusu kwa lita. Kwa petroli ya 3,000, hiyo ni 23,000 kwa siku. IST njia hiyohiyo inanipa kilomita 12, yaani 12,500. Kwa siku 22 tofauti inapita 230,000 kwa mwezi, na kwenye foleni ya Ubungo turbo haina kazi yoyote, imekaa tu kama mwanajeshi kwenye harusi. Njia ya Iringa tofauti ni ndogo kuliko nilivyodhani: Forester hupata kilomita 10 kwa lita, IST 15, inakuja kama 50,000 kwa safari ya upande mmoja. Hiyo naiita nauli ya Kitonga na nailipa bila kinyongo.

Spea si tatizo kama watu wanavyotishana. Gerezani na Ilala nimepata kila nilichotaka, mara nyingine siku hiyohiyo. Kinachogharimu ni masharti. Oili lazima iwe sinthetiki kamili, nami naimwaga kila kilomita 5,000 bila mjadala, kwa sababu turbo inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika na kinachoishika ni utando wa oili tu. Plagi za IST ziko juu, fundi anamaliza kabla soda yake haijaisha. Za Forester ziko ubavuni, inabidi atoe betri na boksi la hewa ndipo mkono upite, na ufundi unalipa kwa mkono huo. Tairi ndizo zilinifundisha adabu. Moja ilipasuka, nikanunua moja mpya, tatu zikabaki zilizolika. Fundi wangu akakataa kuifunga. "Bosi, hii inavuta miguu yote minne. Tairi moja ikiwa kubwa, difu ya kati, ile inayogawa nguvu mbele na nyuma, haipumziki mpaka ife." Nikanunua nne. Kwenye IST ningenunua moja, maisha yakaendelea.

Mke wangu, Mama Neema, alisoma daftari lote Jumapili moja, akaniuliza kwa upole, "Sasa Baba Neema, gari la mlimani wewe unaendea nalo Posta kufanya nini?" Sikuwa na jibu. Kesho yake nilipanda daladala mpaka Kimara, kisha mwendokasi mpaka Kivukoni, na ndivyo ninavyokwenda kazini hadi leo. Forester inatembea wikiendi na safari. Kilomita zimepungua zaidi ya nusu, oili inakaa miezi, belti itanidai baada ya miaka mingi. Sikuliuza. Nililiondoa foleni.

Kwa hiyo mtu akiniuliza anunue lipi, namuuliza kwanza anakwenda wapi kila siku. Kama ni gari lake pekee na ni la foleni, achukue IST na asinung'unike kwamba mita za spidi ziko katikati ya dashibodi, atazizoea. Kama moyo umeshatua kwenye Forester lakini mfuko unasita, aangalie isiyo na turbo ya kuanzia mwishoni mwa 2010. Ile ina injini ya FB20 ambayo ni ya cheni, na vitisho vyangu vya belti havimhusu. Akikataa yote akataka turbo, basi anuse. Kweli, anuse. Kwa kuwa injini imelala, mpira wa kava ukizeeka oili inadondokea kwenye bomba la moshi, na gari likiwa la moto harufu ya kuungua inakuja mpaka ndani. Muuzaji akishasafisha injini ikang'aa, mwambie aliwashe mzunguke nusu saa, halafu simama mbele ya boneti uvute pumzi.

Na atafute fundi kabla ya kutafuta gari. Wangu yuko Tabata, si wa bei rahisi, na hunipigia simu yeye kukumbusha oili. Ijumaa hii tunakwenda Iringa. Mama ameagiza mchele, na kurudi tutapitia vitunguu Ruaha Mbuyuni. Mama Neema ameuliza kama kuteremka Kitonga anaweza kuendesha yeye. Nimemwambia kuteremka hakuna raha, asubiri kupanda. Amesema basi atapanda.