Stendi ipi ya kamera ununue kwa picha za jua likishazama, ziwani na hata kwenye theluji

Kila mwenye kamera hapa Mwanza anaitaka ile picha ya Jiwe la Bismarck, lile la ziwani, anga likiwa limegeuka bluu, anapiga mkononi, inatoka imetikisika, anaanza kulaumu lenzi. Lenzi haina kosa bana, mwanga ule shata (kile kipazia cha ndani ya kamera kinachoruhusu mwanga) inakaa wazi sekunde mbili mpaka hata kumi na tano, mkono gani utatulia hapo? Anza na stendi. Na huku kwetu ikweta ipo jirani, giza halisubiri mtu, jua likizama saa 12:50 hivi una kama dakika 20 tu, kwa hiyo stendi ya kuhangaika nayo kuifungua ni hasara.

Namba moja kwangu ni ya aluminiamu saizi ya kati, kilo moja na nusu mpaka mbili, miguu ya kubana kwa klipu, na iwe na ndoano chini ya nguzo ya katikati. Capri Point upepo wa ziwa ukivuma unaning'iniza begi hapo au mfuko wenye mawe, mawe huku hatununui, ila mfuko uguse chini kidogo maana ukibembea unatikisa stendi yenyewe. Mtumba poa tu, vuta miguu yote, kaza klipu, kandamiza kwa juu, mguu ukirudi ndani achana nayo hata kama muuzaji anaapa. Angalia na pleti ya kufungia kamera ipo, ikikosekana utazunguka mji mzima.

Namba mbili ni ya kaboni. Nyepesi, imara, bei inauma, kwa picha za Mwanza peke yake sioni haja. Ila kama unaenda Ulaya kipindi cha baridi inapanda namba moja, maana aluminiamu kwenye baridi kali haishikiki mikono mitupu, na kule mtu unasimama muda mrefu. Tromsø kule Norwei jua halichomozi kabisa kuanzia mwisho wa Novemba mpaka katikati ya Januari, saa sita mchana unapata ule mwanga wa bluu tunaoukimbiza sisi jioni, tena unakaa masaa. Kwenye theluji nene usitanue miguu mpaka mwisho, ukiikandamiza ishuke inazidi kutanuka na inaweza kuvunjika. Ongeza mwanga stepu moja mpaka mbili (yaani +1 mpaka +2 kwenye kamera), ukiiachia kamera iamue yenyewe theluji inatoka kijivu. Betri ya akiba weka mfuko wa ndani karibu na mwili, baridi inazimaliza fasta.

Tatu, zile fupi za miguu ya kujikunja kama GorillaPod, nzuri kwa simu au kamera ndogo, unaizungushia kwenye reli au tawi. Usijidanganye nayo kwenye feri ya Kamanga lakini, injini inatetemesha kila kitu, hapo hata stendi ya milioni haikusaidii.

Mwisho kabisa za plastiki za machinga pale Makoroboi. Kwa simu na TikTok sawa, ila ukiweka kamera yenye lenzi nzito kichwa kinainama taratibu huku shata iko wazi.

Rimoti ya kupigia picha bila kuigusa kamera sio lazima, weka taima ya sekunde 2, hela hiyo kanunulie betri ya pili.