Filamu ya kamera kubwa: nunua inayovumilia maji ya Kisumu

Ujumbe ninaopokea siku hizi unafanana, ingawa wanaoutuma hawajuani. Kijana wa Kakamega amepata kamera ya inchi 4 kwa 5, akajibana akaagiza pakiti ya filamu ya bei nafuu kutoka ng'ambo, akampiga babu yake picha akiwa ameketi barazani, usiku akajifungia chumbani na dawa zake. Alipoinua negativu kwenye taa alikuta mkwaruzo umepita katikati ya uso wa babu, na ukingo mmoja wa filamu umeambuka na kujikunja kama ngozi ya maziwa yaliyochemka. Dada wa Ahero naye yalimpata hayo hayo. Mama mmoja anayepiga picha za harusi Kondele, vilevile. Wote wanauliza, "Dada, nilikosea wapi?"

Hamjakosea popote. Mmefuata miongozo iliyoandikwa na watu ambao maji ya bomba kwao hutoka baridi mwaka mzima. Mwongozo huu ni wa sisi tunaoishi kando ya ziwa.

Kwa hiyo sitawachosha na habari za ukali wa picha wala ukubwa wa chembe. Karatasi moja ya filamu ya inchi 4 kwa 5 ina eneo zaidi ya mara kumi ya filamu ya kawaida ya milimita 35, na kwa saizi hiyo hata filamu ya bei ya chini kabisa inatoa picha safi ya kutundika ukutani. Swali langu ni moja: utando wa filamu ukishalowa maji yetu, unabaki mgumu au unageuka uji?

Utando huo ni jelatini iliyobeba chembe za fedha. Jelatini ikiingia majini hufyonza na kuvimba, na kadiri maji yanavyokuwa na joto ndivyo inavyozidi kuvimba na kulainika. Dawa ya kusafishia picha, ile inayoitokeza kwenye filamu, ni ya alkali, na alkali inaongeza uvimbe. Ratiba unazosoma kwenye sanduku zimepimwa kwa maji ya nyuzi 20. Hapa Kisumu, tangi jeusi la plastiki likishinda juani juu ya paa, maji ya jioni ni vuguvugu. Tumbukiza kipimajoto uone kinavyopanda hadi 26, siku nyingine 27. Halafu wengi wetu hatuna mitungi maalumu ya kusafishia filamu za karatasi. Tunatumia trei, gizani, karatasi zikiwa zimelaliana, unatoa ya chini unaiweka juu, unatoa ya chini unaiweka juu, mpaka muda uishe. Kila karatasi ina pembe nne kali. Pembe moja ikigusa utando uliolainika, inaukata.

Kila filamu mpya naijaribu hivi kabla sijampigia mtu yeyote picha. Naloweka karatasi moja kwenye dawa iliyochanganywa na maji ya bomba ya jioni, kwa muda uleule wa kusafisha. Kisha napitisha juu yake pembe ya karatasi nyingine, kwanza kwa uzito wa karatasi yenyewe, halafu nikibonyeza kidogo, mwisho kwa ukucha. Iliyo ngumu huteleza chini ya kidole kama kawaida na haiachi alama mpaka ukucha uikandamize kwelikweli. Iliyo laini unaihisi kabla hujaiona: kidole kinakuta ute, na pembe ya karatasi inalima mtaro mwembamba unaofika hadi kwenye plastiki. Mtaro huo kwenye negativu ni mweupe, kwenye picha unatokea mweusi, na hakuna fundi wa kuuziba.

Kwa kipimo hicho, namba moja kwangu ni Ilford FP4 Plus, na siifichi mapenzi yangu kwake. Inatengenezwa na Harman Technology huko Mobberley, Cheshire, Uingereza, na kampuni ya Ilford ilianza biashara hii 1879. Kasi yake, yaani wepesi wake wa kunasa mwanga, ni ISO 125. Utando wake ni mgumu, unavumilia trei, unavumilia mikono yenye haraka. Kwa dawa ya ID-11 iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, kiwanda kinataka dakika 11 kwenye nyuzi 20. Kwenye nyuzi 24 muda unashuka hadi kati ya dakika 7 na 8, na huo bado ni muda wa kutosha kwa dawa kuenea sawasawa. Usiruhusu muda ushuke chini ya dakika 5, maana hapo anga huanza kuwa na mawimbi.

Halafu angalia inavyochukua ngozi zetu. Mpige mvuvi wa Dunga saa kumi na moja jioni, jua likiwa linamjia kwa ubavu: mng'ao wa shavuni unabaki na umbo lake, na upande wa kivuli unaona sikio, ndevu, mshono wa kola. Ukiipa mwanga kupita kiasi kidogo haikasiriki. Na ukiingia Msitu wa Kakamega, ambako chini ya miti mikubwa mchana ni jioni, kipimo cha mwanga kikikwambia sekunde 10 unaipa FP4 kama sekunde 18 na inatosha. Fomapan 100, ile ya bei nafuu mnayoagiza wengi, kwa maelezo ya kiwanda chake chenyewe inataka mara nane: sekunde 80. Kwa sekunde 80 kila jani limecheza.

Namba mbili ni ndugu yake, HP5 Plus, ISO 400. Ugumu wa utando ni uleule. Kamera kubwa hupenda tundu la lenzi lifungwe hadi f/22, libaki dogo, ili kila kitu kikae wazi, na mtu anayepumua hawezi kungoja nusu sekunde bila kutikisika, sembuse mtoto au mashua iliyofungwa gatini. Hapo HP5 inakuokoa. Naiweka ya pili kwa sababu mbili: tofauti ya nuru na kivuli ndani yake ni ya upole zaidi ya ninavyopenda, na kwa kuwa ina kasi kubwa, mashine za eksirei za viwanja vya ndege huidhuru mapema kuliko FP4. Anayekuletea kutoka ng'ambo aibebe kwenye mkoba wa mkononi na aombe ikaguliwe kwa mkono, hasa pale penye mashine mpya za CT, ambazo eksirei yake ni kali zaidi.

Fomapan 100 ndiyo mnayoinunua wengi, na ninaelewa kwa nini. Inatoka Foma, kiwanda cha Hradec Králové, Ucheki, kilichoanza 1921, na karatasi yake moja hukugharimu kama nusu ya karatasi ya Ilford. Ikishakauka ni filamu nzuri, ina sura ya picha za zamani ambayo watu wanaitafuta. Tatizo liko kabla haijakauka. Kwa maji ya Kisumu jioni, utando wake haufiki mwisho wa safari salama. Ukiishi Nakuru, mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, usiku wako una baridi na maji ya bomba ya alfajiri yatakufaa, kwa hiyo kwako ninaipandisha. Ukiishi Kisumu, Ahero au Busia na huna budi kuitumia, fanya kazi alfajiri, na jioni ya kabla yake nunua barafu kwa wanaohifadhi samaki. Usiitie barafu ndani ya dawa. Weka trei ya dawa ndani ya karai la maji yenye vipande vya barafu, ngoja nyuzi zishuke hadi 20 au 21, na uhakikishe maji ya kusuuzia, fiksa (dawa inayofanya picha isiathiriwe tena na mwanga) na maji ya mwisho yote yako katika joto hilohilo. Ukitoa filamu kwenye dawa ya nyuzi 26 ukaitumbukiza kwenye maji ya barafu, jelatini inanywea ghafla na utando mzima unakunjamana.

Safisha karatasi moja baada ya nyingine, usilalishe mbili pamoja. Katikati ya dawa na fiksa tumia maji matupu badala ya asidi, kwa sababu alkali ikikutana na asidi ndani ya jelatini laini hutoa vipovu vya gesi vinavyotoboa vitundu. Na utafute fiksa ya kukaza, ile yenye shabu. Ndiyo, shabu hiyohiyo ya kusafishia maji ya kunywa. Jelatini inakazwa nayo. Filamu iliyokazwa hivyo ioshwe kwa muda mrefu zaidi. Wanaochemsha dawa ya kahawa na magadi wajue kwamba alkali yake ni kali, na kwa Foma wanaongeza moto kwenye moto.

Fomapan 400 usiipige kama 400. Ipe mwanga wa 200. Arista EDU Ultra inayouzwa Marekani ni Foma hiyohiyo ndani ya sanduku jingine, kwa hiyo anayekwambia ameacha Foma akahamia Arista hajahama.

Kodak Tri-X 320 na T-Max ni ngumu na sina lawama nazo isipokuwa bei. Kwa bei ya pakiti ya Kodak mtu analipa karo. GP3 ya Shanghai ni rahisi, na sioni sababu nyingine ya kuitaja. Filamu za eksirei za hospitali zinapatikana kwa bei ya chini kuliko zote, lakini nyingi zina utando pande zote mbili, kwa hiyo unakwaruzwa juu na chini, na hazioni rangi nyekundu: midomo na ngozi ya kahawia vinaingia giza, barabara ya murram inatoka kama lami. Msimpige bibi yenu kwa filamu hiyo.

Sasa niseme la wauzaji, maana linaniuma. Sanduku la FP4 lina karatasi 25. Kabla halijafika Kisumu unalipia nauli, ushuru, na VAT ya asilimia 16 inayohesabiwa juu ya bei, nauli na ushuru kwa pamoja. Hilo ni sheria, tunalipa. Ninachokikataa ni muuzaji wa mjini anayeongeza faida yake juu ya hapo, kisha anabandika karatasi ya bei juu ya tarehe ya kuisha muda. Nimebandua karatasi hizo kwa kisu na kukuta filamu imepitwa na miaka. Mwingine anapanga masanduku kwenye kabati la kioo linalopigwa na jua la mchana, halafu anakuuzia kwa bei ya filamu iliyokaa kwenye friji. Joto hilo linakula filamu polepole. Weusi unapauka kuwa kijivu na mteja anajilaumu mwenyewe. Na wapo wanaofungua sanduku wakauza karatasi moja moja ndani ya mfuko mweusi, eti wanamsaidia asiye na pesa ya sanduku zima. Dada wa Ahero aliuziwa "Ilford" ya namna hiyo.

Kujua ulichouziwa si kazi. Kila filamu ya karatasi ina vipengo vilivyokatwa karibu na pembe moja, na kila aina ina mpangilio wake, ambao kiwanda huuchapisha. Ukiwa gizani, shika karatasi ikiwa imesimama wima, vipengo viwe pembe ya juu kulia. Hapo utando unakutazama. Pitisha kidole, hesabu vipengo, linganisha na vile vya aina iliyoandikwa. Vipengo havilingani? Rudisha mzigo usiku huohuo, na picha ya mfuko utume.

Kabla hujatuma pesa kwa M-Pesa, omba picha tatu: tarehe iliyochapishwa kwenye sanduku, mhuri wa pembeni ukiwa haujakatwa, na mahali sanduku linapohifadhiwa. Muuzaji mwaminifu atazituma kabla hujamaliza chai. Anayeagiza mwenyewe aandike kwa herufi kubwa juu ya kifurushi, kwa Kiswahili na Kiingereza, kwamba ndani kuna filamu na isifunguliwe mwangani. Mzigo wangu uliwahi kufunguliwa njiani na mkaguzi aliyetaka kuona kilichomo, na karatasi zote zikafa hapohapo.

Mkiwa watatu au wanne mji mmoja, agizeni FP4 pamoja. Nauli ya masanduku manne haiwi mara nne ya nauli ya sanduku moja. Na kama mnataka kugawana sanduku moja, gawaneni gizani, kila mtu aje na sanduku tupu la filamu la zamani lenye vifuniko vyake vyote, vipengo vyote vielekee upande mmoja, na kila mtu aandike juu ya sanduku lake jina la filamu na tarehe kabla taa haijawashwa.