Darubini ya 8x42 kwa ndege wa matopeni: wiki tatu baadaye

Nisiseme uongo, mi nilikuwa nimeshaamua kununua ya 10x42 (namba ya kwanza ni mara inazokuza, ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita), nikijua namba kubwa ndo ndege mkubwa. Jamaa mmoja ninayetembea naye akanishikisha yake pale ukingoni mwa matope, upepo wa bahari unavuma, na kila kitwitwi niliyempata anatetemeka kama ana homa, kumbe ni mikono yangu. Ile 10 inamkuza ndege na mtetemo inaukuza vilevile. Nikachukua 8x42 na sijajuta, ila kuna mambo.

Mwanga kwanza. Gawa 42 kwa 8 unapata milimita 5.25, huo ndo upana wa mwanga unaotoka kwenye lenzi kuja jichoni, ya 10 inakupa 4.2. Mchana wa jua kali tofauti huioni, ila alfajiri ukungu bado umelala juu ya maji, hapo ndo unaelewa ulilipia nini.

Na msimu wenyewe sasa, mwisho wa machipuko, we acha tu. Ndege wanaoelekea kaskazini kabisa kuzaa wameshabadili manyoya, yule kitwitwi wa mdomo uliopinda ambaye miezi mingine ni kijivu tu huwezi hata kumtofautisha na wenzake, sasa hivi ana wekundu wa tofali toka usoni mpaka tumboni. Nilimwona mmoja kauvuta mnyoo toka topeni, mnyoo unanyumbuka kama raba, yeye anarudi nyuma hatua kwa hatua, ukakatika, akabaki na nusu mdomoni kaduwaa. Yote hayo nimeyaona bila kuikaza mikono.

Ila darubini yoyote haitakusaidia kama saa umekosea. Ukienda maji yamekupwa unakuta tope mpaka upeo wa macho na ndege ni nukta tu huko mbali, nenda saa mbili hivi kabla hayajajaa, maji yenyewe yanawasukuma waje kwako, na siku za bamvua, maji yanapojaa kupita kawaida, ndo zaidi maana tope linamezwa lote. Jua liwe mgongoni. Na mchana hewa ya juu ya tope ikishaanza kucheza kwa joto funga tu urudi, hakuna lenzi inayotibu hiyo.

Kitu kingine, siku mbili nzima nililaumu vioo kwamba vina ukungu, kumbe nilikuwa sijarekebisha kale kapete ka jicho la kulia, ka kulinganisha macho mawili, aibu yangu. Wenye miwani mshushe vile vikombe vya macho, la sivyo mtaona kiduara tu katikati.

Haya malalamiko. Mkanda uliokuja nayo ni kamba ya viatu, darubini ina kama gramu 680 na saa mbili tu shingo inawaka moto. Kifuniko cha lenzi ya mbele kilichomoka siku ya pili kikazama topeni, niliwaandikia waliotengeneza wakanijibu eti vifuniko havimo kwenye dhamana. Sawa. Halafu wale ndege waliofungwa vibendera vya plastiki miguuni, rangi unaiona vizuri, herufi husomi ng'o, kwa hilo inatakiwa teleskopu ya miguu mitatu, sio kosa la darubini lakini ujue mapema.

Chumvi ndo adui. Ndani wamejaza naitrojeni kwa hiyo haifanyi ukungu, lakini nje kila nikirudi napuliza mchanga kwanza ndo nafuta kwa kitambaa chenye maji baridi kidogo, ukifuta na mchanga ukiwa juu umekwangua lenzi mwenyewe.

Nyota nne. Mkanda nimeshautupa, nimeweka ule wa kupita mabega yote mawili, jana nimekaa nayo toka alfajiri hadi maji yakajaa na shingo wala sikuikumbuka.