Bunduki ya .375 H&H kwa kuwinda pofu: tunaipendekeza, ila ina masharti

Kaliba hii, yaani kipimo cha mtutu na risasi yake, ilitolewa na Holland & Holland mwaka 1912, na kwa pofu dume, mnyama anayeweza kufika kilo 900, bado ni chaguo letu la kwanza.

Kichwa cha risasi cha greni 300, yaani gramu 19.4, hutoka kwa takriban mita 770 kwa sekunde. Nunua kilichoungwa imara, yaani kiini chake kimeshikana na gamba la nje, au cha shaba tupu. Kile laini cha kawaida hutawanyika mapema kikigonga mfupa wa bega, kisha kinaishia kwenye nyama. Rekebisha darubini igonge sentimita 5 juu ya alama kwa mita 100. Itarudi kwenye alama karibu na mita 180.

Ganda la risasi yake ni refu, jembamba kuelekea mbele, na huingia na kutoka chemba (sehemu ya mtutu risasi inapokaa) bila kukwama hata kwenye joto kali. Kasoro ni urefu huohuo: mwenye haraka huvuta komeo (chuma cha kupakia risasi) nusu, risasi ya pili haipandi, na pini inagonga chemba tupu. Teke la bunduki begani nalo ni zito. Zoea kwa risasi tatu nne kwa siku, si ishirini.

Nundu ya pofu hudanganya jicho, wengi hupiga juu mno. Akikaa ubavu, fuata mguu wa mbele hadi theluthi moja ya kimo cha mwili. Akibaki amesimama, ongeza ya pili papo hapo, maana pofu aliyejeruhiwa hutembea mbali sana na mateso yake ni makubwa.

Kwa tandala, kaliba ndogo zaidi ya .300 inatosha.