Chambo cha plastiki kizuri, ndoano zake hovyo

Nilikinunua kwenye duka moja la zana za uvuvi hapa Mwanza: chambo bandia chenye umbo la samaki, sentimita 12, mgongo mweusi, tumbo la fedha. Kina kidomo mbele, yaani kipande bapa kinachokielekeza chini. Ukivuta kinazama, ukiachia kinaelea. Hapo ndipo kilinishika, maana mimi hutupia kwenye mawe, na vyambo vyangu vya chuma nusu vimebaki humo ziwani.

Alfajiri nikapanda jabali ambapo kina kinaanza ghafla. Mtupo wa sita hivi, sangara akakipiga. Si mkubwa, kama kilo nne. Akaruka, akatikisa kichwa, mshipi ukalegea. Kuvuta, naona ndoano ya nyuma imenyooka kama msumari! Muuzaji nilipomrudia akanijibu, "Kaka, ulivuta kwa nguvu." Haya.

Nimezitoa ndoano zote nikafunga nene zaidi. Sasa hakielei tena, kinashuka polepole, lakini mchezo wake majini bado mtamu. Mvua ikishachafua maji sikitumii, nafunga cha njano. Kwa sato msihangaike nacho, chukueni minyoo.