Kipupwe na magoti ya wazee: nunua nini kwanza, nini baadaye

Mwaka juzi, mwezi wa Juni, mama alianza kuamka magoti yamekakamaa kiasi kwamba hashuki kitandani mpaka ashikwe mkono. Sisi tuko Njombe. Kipupwe cha huku, Juni mpaka Agosti, si cha mchezo, na kule Makete kuna asubuhi unakuta umande umeganda mweupe kwenye majani. Mwezi ule nilinunua kila nilichoshauriwa na vingine viko kabatini hadi leo. Hapa navipanga kwa namna ambayo ningevinunua kama ningeanza upya, tena kwa hela ya kubana.

Tumezoea kuyaita maumivu yote ya viungo baridi yabisi, na jina hilo linatufanya tuilaumu baridi peke yake. Kwa wazee wengi kinachosumbua ni gegedu, ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa, ambayo inalika kadiri miaka inavyokwenda. Baridi inakaza misuli, mzee anajikunyata kitini kutwa nzima, na goti lisilotembezwa linazidi kukaza. Kwa hiyo kila kitu nakipima kwa swali moja: kitamwinua mama kitini?

Cha kwanza ni nguo za joto za kuanzia kiunoni kwenda chini. Sisi watoto tunakimbilia sweta na mzula, magoti tunayaacha na kitenge kimoja. Nunua suruali ya kubana ya kuvaa ndani ya gauni, soksi nene za sufu, na viatu vinavyoshika kisigino badala ya kandambili. Nenda mitumbani, sufu nzuri iko huko kwa bei nafuu. Kabla hujalipa, vaa soksi mkononi kwa dakika chache. Mpira wake ukikuachia alama, utaubana vibaya zaidi mguu wa mzee uliovimba.

Cha pili, na hiki ndicho mama anakipenda kuliko vyote, ni mfuko wa mpira wa maji moto. Wa kwanza nilioununua ulivuja shingoni usiku wa tatu ukalowesha godoro, na muuzaji akakataa kuurudisha. Siku hizi nakagua mwenyewe dukani. Nafungua kizibo kuona kama mpira wake wa ndani umekaa sawa, nakunja mfuko kutafuta nyufa, kisha natafuta alama ya ua dogo iliyochapwa kwenye mpira. Mingi mizuri huwa nayo: katikati ya ua kuna mwaka wa kutengenezwa, na petali zake ni miezi. Mpira huzeeka hata ukiwa rafuni, na ushauri wa kawaida ni kuubadilisha kila baada ya miaka 2. Maji yasiwe ya kuchemka, yajae theluthi mbili tu, hewa itolewe kabla ya kufunga, na mfuko uvishwe kitambaa. Sisi tunaweka maji kwenye chupa ya chai jioni. Saa kumi na moja alfajiri yamepoa kiasi cha kufaa, mama anaweka mfuko gotini dakika 15 au 20, ndipo anashuka kitandani. Mzee mwenye kisukari ambaye miguu imekufa ganzi asiutumie miguuni, maana ataungua bila kujua.

Fimbo naipa nafasi ya tatu, ingawa wazee wengi wanaikataa kwa aibu. Mzee asimame wima na viatu vyake, mikono ikining'inia. Mshikio uwe usawa wa kifundo cha mkono. Ikiwa ndefu, ya mbao ikatwe, kisha ivishwe kiatu cha mpira chini isije ikateleza kwenye sakafu yenye umande. Ishikwe upande wa pili wa goti linalouma. Mama aliishika upande uleule wa goti bovu miezi miwili, hakuna aliyemsahihisha, nami nikiwemo.

Baada ya hapo ndiyo jeli ya diklofenaki, dawa ya maumivu ya kupaka. Inasaidia goti na vidole, na dawa inayoingia kwenye damu ni kidogo kuliko ya kumeza. Nunua famasi au duka la dawa muhimu, angalia tarehe ya kuisha muda, na paka kwa kipimo cha kwenye karatasi yake. Usiweke mfuko wa maji moto juu ya sehemu iliyopakwa, kwa sababu joto linaongeza dawa inayopenya mwilini.

Soksi ya goti, ile ya kuvutika inayovishwa gotini tu, inasaidia baadhi ya wazee wakati wa kutembea. Pima mzunguko wa goti kwanza, na avue wakati wa kulala.

Vidonge nimeviweka nyuma makusudi. Diklofenaki na ibuprofeni za kumeza zinaweza kuumiza tumbo na figo na kupandisha presha, na wazee wetu wengi tayari wanameza dawa za presha. Muulize daktari kwanza. Vidonge vya glukosamini, vile vinavyouzwa kama virutubisho vya viungo, ni ghali na ushahidi wake ni hafifu, hela hiyo inunue soksi.

Unga na vidonge visivyo na lebo vinavyoponya maumivu kwa siku moja usivinunue kabisa. Katika nchi mbalimbali dawa za namna hiyo zimekutwa zimechanganywa kwa siri na steroidi, dawa kali za kutuliza uvimbe ambazo huvimbisha uso na kupandisha sukari. Na jiko la mkaa lisiingie chumba cha kulala hata mzee akiomba. Hewa yake ya sumu, kaboni monoksaidi, haina harufu, na inaua watu wakiwa usingizini.

Kama viungo vinakaza zaidi ya saa nzima kila asubuhi, au vidole vya mikono yote miwili vimevimba, au goti limekuwa jekundu na la moto na mzee ana homa, achana na kwenda dukani. Mpeleke hospitali, na ukifika uliza dirisha la wazee.